Theluji ya Krismasi Bahati Nasibu, Tumbo Ndio Uhakika

Wadau, kila Desemba kule Uingereza swali ni moja tu: theluji itadondoka Krismasi? Met Office, idara yao ya hali ya hewa, inahesabu hata chembe moja ikianguka tarehe 25. Ila theluji ya kutanda chini sehemu nyingi za nchi, tangu 1960 imetokea mara nne tu: 1981, 1995, 2009 na 2010.

Kinachokuja kila msimu wa baridi bila kualikwa ni norovirusi, kirusi cha kutapika na kuharisha. Watu wanajifungia ndani, wanaambukizana. Na sanitaiza haikiui vizuri! Dawa ni kunawa kwa maji na sabuni, halafu jiki chooni na kwenye vitasa.

Kasheshe iko kwa wabeba boksi wetu wanaolea wazee. Wataalamu wa afya kule wanasema kaa nyumbani saa 48 baada ya kutapika na kuharisha kukoma. Kukosa zamu kunauma mfukoni, kweli, lakini mzee wa miaka 85 akiishiwa maji mwilini anaweza kufa. Bosi anayemnunia mgonjwa aliyebaki nyumbani ndiye anayesambaza ugonjwa. Au nyie mnaonaje?