Akhwari alitumwa na nchi, wewe umejituma mwenyewe

PITA Barabara ya Bagamoyo Jumamosi alfajiri, kuanzia Tegeta mpaka Bunju, utadhani kuna dabi imehamishiwa huko. Watu wako pembeni ya lami kwa makundi, tisheti za kila rangi, mgongoni zimeandikwa mbio za Dar, Dodoma, Moshi na Zanzibar.

Ni jambo la kupigiwa makofi. Zamani mtu mzima akionekana anakimbia saa kumi na moja alfajiri, watu walitafuta kwanza anayemfukuza yuko wapi.

Ila mbio za ridhaa zimekua haraka kuliko akili ya kuzikimbia. Mtu ana raba mpya, ana saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo, ana medali nne zimetundikwa sebuleni pembeni ya picha ya harusi. Muulize anakimbia na nani. Atakutajia kundi la WhatsApp.

Kundi si mtu. Kundi lina watu 200 na kazi yake kubwa ni kurushiana picha. Ukisema goti linauma unajibiwa "usikate tamaa, mpambanaji". Ukisema jana ulikuwa na homa unajibiwa hivyo hivyo.

Anayetakiwa ni mmoja tu. Anayejua umelala saa ngapi, unakunywa dawa gani na namba ya simu ya mkeo ni ipi. Mtu mwenye haki ya kukwambia, "Mwanangu, leo hukimbii," na wewe ukanuna, lakini ukarudi kulala.

Mashabiki wa mpira hawahitaji kufundishwa hili. Beki wa pembeni akipanda, namba sita anajivuta kuziba nafasi yake. Hawapigiani simu. Wamecheza pamoja mpaka mmoja anajua mwenzake atakata pumzi dakika ya ngapi. Hata shabiki mwenyewe hasafiri peke yake. Timu ikienda Mkwakwani au Sokoine, anakwenda na mtu wake yule yule, wanakaa siti moja, wanagawana mahindi ya kuchoma, wanarudi wamenuniana au wamekauka sauti. Mtu huyo huyo akiamua kukimbia kilomita 42, safari ngumu kuliko zote, anakwenda peke yake.

Chukua mfano wa jamaa wawili wa Boko. Mmoja anauza vipuri vya pikipiki, mwingine ni mwalimu wa sekondari. Mmoja Simba, mwingine Yanga, maana Dar es Salaam urafiki wa kweli huwa hivyo. Wanaanza giza halijaisha, wanaelekea kaskazini. Wakifika Bunju, ulipo uwanja wa mazoezi wa Simba, yule wa Yanga lazima aongeze kasi, eti hataki kuivuta hewa ya pale. Mwenzake naye hawezi kukubali kuachwa mbele ya nyumba yake mwenyewe. Hayo ndiyo mazoezi yao ya kasi, na hayana gharama.

Jumapili wanavuka Mapinga, wanafika Kerege. Siku wakijiona wamejaa mzuka wanapita Zinga na Kiromo mpaka Bagamoyo mjini, wanakwenda kunyoosha miguu ufukweni karibu na soko la samaki. Wanarudi na basi la Makumbusho, konda anawatazama kwa jicho baya kwa sababu ya jasho.

Hilo jasho lina habari yake. Pwani hewa ni nzito kwa unyevu. Jasho linatoka, linachuruzika, lakini halikauki upesi, na linalopoza mwili ni lile linalokauka. Ndiyo maana mtu wa Boko anaweza kulowa kama aliyetoka baharini huku ndani anachemka. Kufika saa mbili na nusu asubuhi, jua la Februari linakuwa limeshaanza kazi, na kati ya Mapinga na Zinga kuna vipande vya barabara ambavyo kivuli chake ni cha nguzo ya umeme.

Sasa wawili hawa wanasafiri. Mbio zenye jina kubwa kwa watu wa ridhaa ni Kilimanjaro Marathon, zinazofanyika Moshi tangu mwaka 2003, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Wanatafuta basi linalokata kwa Bagamoyo kutokea Msata, halafu ni kuitafuta Segera, Mombo, Same. Wanabishana kuhusu penalti ya msimu uliopita mpaka abiria wa siti ya mbele anageuka.

Wanachukua chumba kimoja chenye vitanda viwili. Na hapo ndipo mwenzako anapoanza kuwa na thamani ambayo hakuna saa ya mkononi itakupa. Nani atakuzuia usile nyama choma ya saa nne usiku kwa sababu tu umefika Moshi? Nani atakuamsha saa kumi? Nani ataona kwamba umekwenda chooni mara tano na unajifanya ni woga wa kawaida?

Asubuhi wanakutana na kitu ambacho Barabara ya Bagamoyo haikuwafundisha: mlima. Boko mpaka Bagamoyo vilima vyake ni vya kuomba radhi. Moshi, njia ya mbio inapanda kuelekea Mweka, unapanda na kuendelea kupanda, na mguu uliozoea tambarare unaanza kuuliza maswali. Wengi wa Pwani hujimaliza hapo, maana walianza kwa kasi waliyoizoea kwao. Aliye na mwenzake anaambiwa "punguza" mapema. Aliye peke yake anaambiwa na misuli ya paja, na misuli haina lugha nzuri.

Lakini lililo zito si mlima. Kuna makubaliano ambayo wakimbiaji wengi wa ridhaa hawajawahi kuyafanya, hata wanaosafiri pamoja. Mmoja akiharibikiwa kilomita ya 34, mwingine anafanya nini?

Uliza swali hili kwenye mstari wa kuanzia uone watu wanavyocheka. Wanasema hayo ni mawazo ya mkosi. Si mkosi. Joto likimzidi mkimbiaji, kinachoharibika mapema ni kichwa. Anaanza kuyumba, anajibu vitu visivyoeleweka, anakasirika bila sababu, wengine wanasikia baridi juani. Na kwa kuwa kilichoharibika ni kichwa chenyewe, hajui kwamba ameharibikiwa. Atakwambia yuko fiti, kama mlevi anayeomba apewe funguo za gari. Hapo anahitajika mtu anayemjua akiwa mzima, ili aone tofauti, amtoe barabarani, ampeleke kivulini, ammwagie maji na kupiga kelele ya kuita huduma ya kwanza. Mfanyakazi wa kituo cha maji amemwona kwa sekunde nne tu. Hawezi kujua.

Hata maji yana hesabu yake. Utafiti uliofanywa kwa wakimbiaji wa Boston Marathon ya mwaka 2002 uliwakuta asilimia 13 ya waliopimwa damu wakiwa na chumvi iliyoshuka kupita kiasi, na kilichohusishwa zaidi na hali hiyo ni kunywa maji mengi kuliko mwili ulivyohitaji. Mtu aliyezoea kukimbia na wewe anajua kama umekunywa au unajijaza.

Wapo wanaopinga. Wanasema rafiki anakuchelewesha, kila mtu akimbie mbio zake. Hoja hiyo ina uzito kwa anayelipwa. Tokyo, Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu alimshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03 akaipa Tanzania dhahabu ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Wote walisomeka saa 2:09:48. Pale hakuna kumsubiri mtu. Ni kama fainali, beki hawezi kumwachia mshambuliaji apige kwa sababu wanatoka kijiji kimoja.

Wewe wa saa tano na dakika kumi unakimbilia wapi? Muda wako hakuna anayeusubiri isipokuwa mpiga picha. Ukimaliza kwa saa tano na nusu, bosi wako Jumatatu hatakupunguzia hata senti. Mkimbiaji wa ridhaa ndiye mtu pekee uwanjani mwenye uhuru kamili wa kusimama, na ajabu ni kwamba ndiye asiyetaka kuutumia.

Na wakubwa wenyewe si kwamba hawahitaji watu. Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42 kwa saa 1:59:40 jijini Vienna, Oktoba 12, 2019, alipokezana na waongoza kasi 41 waliomkinga upepo. Mwezi ule hakuna aliyesema amechelewesha na marafiki. London Marathon ya mwaka 2017, mkimbiaji wa klabu aliyekuwa ameshauona mstari wa kumalizia aliacha hesabu zake, akamshika mtu asiyemjua aliyekuwa miguu imemlegea, wakavuka pamoja. Hao hawakuwa hata wamesafiri na basi moja.

Wakati huo huo, kila tisheti inapovaliwa hapa nchini, jina la John Stephen Akhwari linatajwa. Mexico, mwaka 1968, aliumia njiani, akafungwa bandeji, akaingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Alieleza kwamba nchi yake ilimtuma akamalize mbio, si akazianze tu. Tanzania ina haki ya kujivunia kwa hilo mpaka mwisho wa dunia.

Ila watu wamelichukua jambo la Akhwari na kulivaa wasipostahili. Yule alikuwa mwanariadha aliyeandaliwa, kwenye Olimpiki, ana jina la nchi kifuani. Wewe una jina la mdhamini. Yeye alitumwa, wewe umejituma mwenyewe, tena ulijisajili wiki mbili kabla kwa sababu tisheti ilikuwa nzuri. Kumwambia mtu wa aina hiyo "kumbuka Akhwari" wakati anayumba kilomita ya 34 ni kumsukuma shimoni kwa kutumia jina la shujaa.

Bagamoyo, wanakokwenda kunyoosha miguu wale jamaa wa Boko, ni mji uliojengwa na miguu ya watu. Misafara ya kutoka bara iliishia pale. Februari 1874 walifika Abdullah Susi na James Chuma wakiongoza wenzao waliobeba mwili wa David Livingstone kutoka Zambia ya leo, safari ya miezi kadhaa kwa miguu. Hakuna aliyevuka umbali ule peke yake, na hakuna aliyeona aibu kushusha mzigo ili apumzike. Njia ndefu ilikuwa na utaratibu wake kabla ya medali kuja.

Kuna deni lingine, na hili si la wakimbiaji. Barabara hiyo hiyo ina malori, mabasi na bodaboda zisizowasha taa, na maeneo mengi ukishavuka Bunju mtu wa miguu hana njia yake. Mbio zinapofanyika barabara inafungwa kwa saa chache na viongozi wanakuja kupunga bendera. Siku nyingine zote, wanaojiandaa kwa mbio hizo wanachungulia nyuma kila dakika. Waandaaji wanaojua kukusanya viingilio wangeweza pia kukaa na halmashauri za Kinondoni na Bagamoyo wakazungumzia kipande cha njia ya miguu. Na wangeweza kuanzisha usajili wa watu wawili wawili, fomu moja, majina mawili, kila mmoja akiwa ndiye mtu wa dharura wa mwenzake. Gharama yake ni karatasi.

Turudi Moshi. Fanya kwamba yule wa vipuri kamaliza, na mwalimu katolewa barabarani kilomita ya 34 na rafiki yake huyo huyo, aliyemkalisha chini ya mti, akamkabidhi kwa wauguzi, akasimama pale nusu saa nzima, ndipo akaendelea. Ndani ya basi la kurudi medali iko moja. Mwalimu kanuna mpaka Same. Amekimbia miezi mitano, hana cha kuonyesha wanafunzi, na aliyemzuia amekaa pembeni yake anamenya chungwa. Kufika Mombo anauliza kama kweli alikuwa anaongea vitu visivyoeleweka. Anajibiwa kwamba alikuwa anasema Simba ndiyo timu bora nchini, na yeye ni Yanga wa kuzaliwa.

Basi zima linacheka. Jumanne, saa kumi na moja kasorobo alfajiri, simu ya mwalimu inaita mara moja na kukatwa. Mtu yupo nje.