Maumivu ya mifupa yatajwe kabla ya sindano ya kwanza

Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili ianze kupandikiza uloto mwaka 2021, India si njia pekee tena kwa mgonjwa wa mailoma, ile saratani ya damu inayoanzia ndani ya uloto. Ni hatua kubwa kwa ukanda huu. Lakini ndani ya matibabu hayo kuna siku nne au tano zisizozungumzwa vya kutosha.

Kabla seli shina hazijavunwa, mgonjwa huchomwa kila siku sindano ya filgrastimu. Dawa hiyo huuhimiza uloto uzalishe seli kwa wingi hadi ziingie kwenye damu, ambako mashine huzikusanya. Kazi yote hiyo inafanyika ndani ya mifupa, nayo huuma: kiuno, nyonga, mgongo, kifua. Wengine husikia uchovu tu, wengine hawalali.

Mwenye mailoma ana sababu ya kuogopa zaidi, kwa kuwa ugonjwa wenyewe hula mifupa. Asipoambiwa mapema, atadhani saratani inasambaa. Mfanyabiashara aliyefunga duka, akalipa nauli na chumba ugenini, anaweza kuacha sindano siku ya tatu na kurudi kwake. Seli hazitavunwa, na fedha imekwenda.

Hatari nyingine iko duka la dawa. Namanga, Tunduma au Busia, aliyeshinda akibeba mizigo hununua diklofenaki kama anavyonunua maji ya kunywa. Kwa mgonjwa huyu, diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuharibu figo ambazo mara nyingi mailoma imeshazidhoofisha. Chembe za kugandisha damu zikiwa chache, huongeza pia hatari ya kutokwa damu. Kinachoanziwa ni parasetamoli, kwa kipimo cha daktari, tena baada ya kupima joto la mwili, maana huficha homa. Baadhi ya madaktari huongeza loratadini, dawa ya mzio. Tafiti hazijakubaliana juu ya nguvu yake, lakini ni ya bei nafuu. Maumivu yakizidi, hospitali ina dawa kali zaidi, na kuziomba si udhaifu.

Yako maumivu ya kutofautisha na hayo. Yakishika upande wa kushoto chini ya mbavu, au kwenye bega la kushoto, huenda bandama imevimba au, kwa nadra, imepasuka. Hapo ni kwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Maelezo haya yanaenea kwenye karatasi moja ya Kiswahili. Kliniki inayopokea wagonjwa kutoka ng'ambo ya mpaka haina udhuru wa kutoitoa, kwa mgonjwa na kwa ndugu anayemsindikiza, ikiwa na namba ya simu inayopokelewa hata usiku. Na iandikwe wazi humo kwamba kwa kawaida maumivu ya mifupa hupungua siku moja au mbili baada ya sindano ya mwisho.