Mashavu Mapya, Ridhaa kwa Lugha Gani?

Neno 'urembo' lina hila yake. Likiambatana na 'upasuaji', hulipunguza makali, hata mteja akamwendea daktari kana kwamba anamwendea msusi.

Mkaazi wa Meru au Embu anayetamani mashavu yaliyojaa aghalabu hulazimika kufunga safari hadi Nairobi, waliko madaktari wengi wa fani hii. Sina nia ya kumlaumu. Wazee wetu walitoga masikio, wala hakuna aliyewaita wapotovu. Ninalouliza ni hili: kabla ya kutia sahihi, ameelezwa nini, na kwa lugha gani?

Yampasa ajue kwamba njia ni tatu. Ipo sindano ya kijazio, ambacho huyeyuka baada ya miezi kadhaa au mwaka na zaidi. Yapo mafuta yanayofyonzwa tumboni au pajani na kudungwa shavuni, ambayo sehemu yake hunywewa na mwili. Tatu ni kipandikizi, mathalani cha silikoni, kinachokusudiwa kudumu. Hiki hupitishwa katika mkato ndani ya mdomo wa juu au chini ya jicho, kikalazwa juu ya mfupa wa shavu. Mgonjwa hutiwa ganzi na kusinzishwa, au hupewa nusukaputi. Baadaye uso huvimba kwa majuma kadhaa, na aliyekatwa kinywani hula vyakula laini kwa siku kadhaa.

Hatari nazo zipo: maambukizi, kipandikizi kuhama, mashavu kutolingana, na ganzi ya kudumu mishipa ya fahamu ikijeruhiwa. Hata sindano si mzaha. Kijazio kikiingia katika mshipa wa damu, ingawa ni nadra, chaweza kupofusha jicho.

Mnamo 2024 Baraza la Madaktari liliamuru kituo kimoja cha Nairobi kifungwe kufuatia kifo cha mteja aliyefanyiwa upasuaji wa kuondoa mafuta mwilini. Huo haukuwa upasuaji wa mashavu, lakini funzo ni lile lile: kisu cha urembo ni kisu.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 8, inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa manufaa, hatari na gharama, na inapowezekana afanye hivyo kwa lugha anayoielewa mgonjwa, akizingatia kiwango chake cha kisomo. Mzungumzaji wa Kimeru au Kiembu anayewekewa karatasi ya Kiingereza cha kitabibu ametia sahihi, lakini hajaridhia.

Hapana budi Baraza lidai fomu za Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010, pamoja na mkalimani panapohitajika. Naye mteja asione haya kuuliza mara ya pili na ya tatu. Upasuaji huu hauna dharura. Asiyeelewa leo na arudi nyumbani, mashavu yatamngoja.