Msaidizi Asiyefika Mnadani

Siku hizi si ajabu kumkuta askari wa kambi ya Bugema, Mbale, au konstebo wa Jinja, mshahara ukishaingia, akiiuliza simu yake: "Nikiikopesha Serikali shilingi milioni moja kwa miaka 10, nitapata nini?" Msaidizi wa akili mnemba aliyemo ndani ya simu hiyo hujibu papo hapo, tena kwa Kiswahili fasaha na kwa ujasiri wa mtu aliyeuhudhuria mnada wenyewe. Kumbe hakuuhudhuria.

Swali lenyewe tunalipongeza. Serikali ya Uganda ilianza kuuza hatifungani mnamo Januari 2004, na mwananchi mwenye shilingi 100,000 anaweza kununua. Askari anayeuliza habari za hatifungani ni afadhali mara nyingi kuliko mwenzake anayemkabidhi akiba yake mtu aliyemwahidi kuirudisha maradufu kabla ya mwezi kwisha. Wasiwasi wetu ni juu ya jibu analopewa.

Msaidizi wa aina hii amefunzwa kwa maandishi mengi yaliyokusanywa hadi tarehe fulani, kisha mlango ukafungwa. Asipounganishwa na takwimu za soko, kiwango anachokitaja chaweza kuwa cha mnada wa miaka iliyopita, au cha nchi jirani, au mchanganyiko wa vyote viwili. Aidha, huchanganya mambo mawili ambayo hata baadhi ya maofisa wetu huyachanganya. Riba ya hati huandikwa siku hatifungani inapotolewa, nayo haibadiliki hadi ikomae. Faida ya mnada hubadilika kila mnada, kwa sababu hutegemea bei aliyolipa mnunuzi: aliyelipa shilingi 90 kwa hati ya 100 hupata zaidi ya riba iliyoandikwa, na aliyelipa 105 hupata pungufu. Faida sokoni ikipanda, bei ya hati za zamani hushuka, na anayelazimika kuuza kabla ya muda aweza kupata hasara.

Tuseme riba ya hati ni asilimia 16. Milioni moja italeta 80,000 kila baada ya miezi sita. Lakini Serikali hukata kodi kabla ya kulipa: asilimia 10 kwa hati za miaka 10 na kuendelea, asilimia 20 kwa zilizo fupi zaidi. Mwenye hati ya miaka 10 atapokea 72,000, na mwenye hati ya miaka miwili, kwa riba ile ile, atapokea 64,000. Baba aliyepanga karo ya shule kwa 80,000, kwa sababu simu ilisahau kodi, atayajua makosa hayo mwanzoni mwa muhula.

Tulipokuwa chuo cha maofisa tulifundishwa kwamba taarifa ya mpelelezi isiyo na saa wala mahali haipelekwi kwa kamanda. Basi na tuudai utaratibu huo huo kwa msaidizi wa simu. Akitaja kiwango, aulizwe ni cha mnada wa tarehe ipi na amekitoa wapi. Akikosa kujibu, kiwango hicho ni uvumi, na swali lipelekwe kwa afisa wa benki mjini.

Wako wanaoshauri kwamba vyombo hivi vipigwe marufuku kambini kabisa. Hatukubaliani nao. Dawa ipo, na imekwisha kutumika kwingine. Mnamo Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitoa kanuni iliyo wazi kwa wote, iitwayo Model Context Protocol, inayomwezesha msaidizi kuingia katika ghala la takwimu na kusoma yaliyomo wakati huo huo anapoulizwa. Hazina ya Marekani nayo huziweka takwimu za deni la nchi hiyo katika umbo ambalo mashine husoma bila malipo. Benki Kuu yetu hutangaza matokeo ya kila mnada, jambo la kusifiwa, lakini kwa majedwali ya Kiingereza yaliyopangwa kwa ajili ya macho ya binadamu. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu Katiba iliporekebishwa mwaka 2005.

Hata hivyo, kusoma bei ni jambo moja, na kugusa akaunti ni jingine. Msaidizi aruhusiwe kusoma tu, asinunue wala kuuza. Nawe askari, usimpe namba yako ya jeshi, kikosi chako wala namba ya akaunti. Anayeandika "tunahamia Karamoja mwezi ujao, je, ninunue hati ya muda gani?" amekwisha kutoa habari za mwendo wa kikosi kwa ajili ya swali la riba.

Tunaloiomba Benki Kuu si kubwa. Jedwali moja linatosha: tarehe ya mnada, muda wa hati, riba yake, bei kwa kila shilingi 100, faida, na kodi. Mnada hufanyika Jumatano. Jedwali liwekwe jioni ile ile, ili askari wa Mbale anayetoka zamu alfajiri ya Alhamisi alikute.