Siri ya Mtoto na Risiti ya Karo

Mwezi uliopita niliahidi kuendelea na habari za shinikizo la damu kwa akina mama waliovuka miaka arobaini. Nimeziahirisha. Kuna jambo limenikaa rohoni kwa miaka miwili, na binti linayemhusu ameniruhusu kuliandika mradi nisimtaje yeye, shule yake wala kaunti yake. Jina langu nalo halipo juu ya safu hii mwezi huu. Nitaeleza kwa nini.

Saa za Riyadh na za Kenya ni sawa. Kwa hiyo simu ya nyumbani ikilia saa tano usiku, unajua huko nako ni saa tano usiku, na hakuna anayepiga saa hizo kwa kusalimia. Alikuwa dada yangu, analia. Bintiye, aliyekuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni, alikuwa amerudishwa nyumbani na kuambiwa asirudi bila mzazi. Matroni alikuwa akikagua masanduku, akakuta barua aliyomwandikia msichana mwenzake. Haikuwa na neno chafu. Ilikuwa barua ya mapenzi ya mtoto wa miaka 16, yenye maua yaliyochorwa pembeni kwa kalamu nyekundu. Ilisomwa paredi mbele ya shule nzima, na jina lake likatajwa.

"Wewe ndiye nesi," dada akaniambia, "na wewe ndiye unayelipa karo. Sema tufanye nini."

Walio ughaibuni wanajua uzito wa maneno hayo. Anayetuma pesa husikilizwa hata pale asipojua kitu. Nilisema ni utoto, utampita. Nikasema tumtafutie shule nyingine. Halafu, kabla sijalala, nikampigia kaka yetu mkubwa nikamweleza yote, kwa sababu nilitaka kumtwisha mtu mwingine nusu ya mzigo.

Hili la pili ndilo linalonisumbua mpaka leo. Nimefanya kazi ya uuguzi tangu nilipomaliza diploma KMTC, nikaongeza shahada ng'ambo, na katika miaka yote hiyo sijawahi kutoa siri ya mgonjwa. Wapo ninaokutana nao dukani hapa mtaani, kati ya maghala na malori, na ninajua maradhi yao ambayo hata wake zao hawayajui. Tunasalimiana, tunaulizana bei ya nyanya, tunaachana. Siri ya mtu baki naitunza hivyo. Ya mtoto niliyembeba mgongoni niliitoa usiku uleule.

Kaka akaitisha kikao. Akaja mchungaji, wakaja shangazi wawili, simu ya mtoto ikachukuliwa. Wiki haijaisha, binamu yetu aliyeko Dallas akanitumia ujumbe wa pole. Kisha usiku mmoja binti akanipigia kwa simu ya mama yake. "Mama mdogo, ni wewe uliyemwambia mjomba?"

Nikasema ni mimi. Akanyamaza kwa muda mrefu. Ndipo kazi yangu iliponirudia, nikamuuliza kama ninavyowauliza wagonjwa, bila kuzungukazunguka, kama amefikiria kujiua. Wazazi wengi huogopa swali hili wakidhani litamtia mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Halimtii. Mara nyingi ndilo swali la kwanza linalomwonyesha kwamba kuna mtu anayeweza kusikia jibu. Akasema ndiyo, mara mbili. Nikamuuliza ni lini. Nilitarajia aseme ni baada ya paredi. Akasema ni baada ya kikao.

Dada alihamia chumba cha bintiye usiku huo, akalala naye kwa mwezi mzima, na asubuhi yake akamrudishia simu. Hospitali ya kaunti walimwona. Mimi nilimwomba radhi, kisha nikampigia kaka nikamwambia kwamba karo ni yangu na kikao kimekwisha. Sikujivunia kutumia pesa namna hiyo, lakini nilizitumia.

Niwape jambo moja la kitaalamu. Mwaka 2009 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti wa Caitlin Ryan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la San Francisco. Waliwahoji vijana 224 wa California, Wazungu na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wote wakiwa wanavutiwa na watu wa jinsia yao. Waliokataliwa sana na familia zao walikuwa na uwezekano mara 8.4 zaidi wa kuwa wamejaribu kujiua kuliko wale ambao familia hazikuwakataa au ziliwakataa kidogo tu. Kadiri ukali wa nyumbani ulivyopungua, hatari nayo ilipungua. Na kwa wanaoniuliza kama huu ni ugonjwa: Shirika la Afya Duniani liliuondoa kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990. Hakuna dawa ya kumtafutia mtoto, na anayekuuzia moja anakuibia.

Sasa turudi shuleni, maana nyumba peke yake haitoshi kwa mtoto anayelala bwenini miezi tisa ya mwaka.

Dada alipokwenda, naibu wa mwalimu mkuu alimwambia kwamba hata waziri alishasema watoto wa namna hii wasikae bweni. Ni kweli ilisemwa. Mwishoni mwa 2021 Profesa George Magoha, aliyekuwa Waziri wa Elimu wa Kenya, alisema wanafunzi wapenzi wa jinsia moja waende shule za kutwa karibu na kwao, na kwamba wajibu wa shule ni kwa walio wengi. Januari 2022 vijana wakaandamana Nairobi kumpinga. Marehemu Magoha alikuwa daktari wa upasuaji, mtu niliyemheshimu kwa mengi, lakini kauli ile ilinishangaza kutoka kwa mganga. Mtoto anayepigwa kwao, ukimpeleka shule ya kutwa umemrudisha kwa mpigaji kila jioni. Na sisi je, tulio Riyadh, Doha na Leeds, ambao watoto wetu wako na bibi aliyechoka? Kwa wengi wao bweni ndiyo nyumba.

Kauli ya waziri si sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema nini? Kifungu cha 35 kinakataza kumfukuza mwanafunzi, isipokuwa njia nyingine zote za kumrekebisha zimeshajaribiwa, na yeye na mzazi wake wamepewa nafasi ya kusikilizwa. Kifungu cha 36 kinakataza kumtesa au kumdhalilisha, kimwili au kisaikolojia. Kusoma barua ya mtoto paredi kunaingia hapo moja kwa moja. Dada, ambaye si msomi wa sheria, alibeba karatasi hizo mbili nilizomtumia, akazichapisha kwenye duka la intaneti, akaziweka mezani. Anasema naibu alizisoma mara mbili.

Ni kweli pia kwamba Kenya bado ina vifungu vya 162 na 165 vya kanuni ya adhabu, ambavyo Mahakama Kuu ilikataa kuviondoa tarehe 24 Mei 2019. Vinaadhibu vitendo. Havimwadhibu mtoto kwa kuwa alivyo, wala kwa kuandika barua yenye maua.

Basi shule ilifanya nini hatimaye? Hakuna aliyetoa hotuba wala kupandisha bendera. Mwalimu mmoja wa kemia aliomba kuwa ndiye mtu wa binti kumwendea, na akaahidi kwamba akitaka kumwambia mtu mwingine chochote atamwomba ruhusa kwanza. Barua ilirudishwa kwa mwenyewe. Mwalimu mkuu alikubali kwamba kama kanuni inakataza barua za mapenzi, adhabu ni ileile anayopewa aliyemwandikia mvulana wa shule jirani, yaani kufyeka nyasi siku tatu, si kurudishwa nyumbani. Akafyeka. Matroni alitaka kumhamishia kitanda karibu na mlango wake "ili amwone", na mwalimu wa kemia akamwambia kitanda cha mwanafunzi mmoja kikiwekwa peke yake, bweni zima limeshaambiwa. Kikabaki pale pale. Waliomtania kwa jina la barua waliitwa mmoja mmoja, faraghani. Ukiwakemea paredi unaisoma barua mara ya pili.

Yule msichana mwingine, aliyeandikiwa, wazazi wake walimhamisha siku ya pili. Hatukusikia tena habari zake. Yeye hakuandika chochote, alipokea tu.

Kuna msomaji wa Minnesota aliyeniandikia zamani, akiogopa klabu iliyoko kwenye shule ya mwanawe ya wanafunzi LGBTQ na rafiki zao. Alidhani watoto hufundishwa humo kuwa hivyo. Nilimjibu haraka na vibaya, kwa hiyo nijaribu tena. Klabu ya kwanza yenye jina la muungano huo ilianzia Concord Academy, Massachusetts, mwaka 1988. Aliyemwendea mwalimu Kevin Jennings kuomba ianzishwe alikuwa msichana ambaye mwenyewe hakuwa hivyo. Mama yake ndiye aliyekuwa hivyo, na yeye alikuwa amechoka kusikia mama yake akitukanwa korido nzima. Klabu hizi mara nyingi ni chumba kimoja, mwalimu mmoja na biskuti, saa moja kwa wiki. Mama wa Minnesota, kama mwanao anakwenda huko, muulize wanacheka nini. Utajua mengi.

Na wapo ambao shida yao si wanampenda nani, bali jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa hailingani na wanavyojijua. Hapa sisi wenye vyeti tunaelewa upesi. Kila nesi aliyekuja Saudia anajua vyeti vyake hupitishwa DataFlow, wakaandikia chuo kuulizia kama kweli ulisoma, na herufi moja ikikosewa kwenye jina unakaa nyumbani miezi bila mshahara. Audrey Mbugua alifanya mtihani wa KCSE mwaka 2001 akiwa na jina la kiume. Alipoanza kuishi kama mwanamke, cheti chake na sura yake vikawa havilingani. Baraza la mitihani lilikataa kubadilisha jina. Alikwenda mahakamani, na tarehe 7 Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi ikaamuru baraza litoe cheti kipya chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia. Miaka 13 baada ya mtihani! Karani wa shule anayepokea ombi kama hilo anaweza kudhani ni usumbufu tu wa karatasi. Ni chakula cha mtu.

Nilisema nitaeleza habari ya jina langu. Ninaandika kutoka nchi ambayo Juni 2022 maafisa wa Wizara ya Biashara walipita madukani Riyadh wakichukua vibanio vya nywele, kofia na mikebe ya kalamu ya watoto kwa sababu ilikuwa na rangi za upinde wa mvua. Sheria za hapa kuhusu jambo hili ni kali, na sheria ya makosa ya mtandao ya 2007 inafika hadi kwenye simu yako. Mimi ni mgeni na ninaziheshimu sheria za mwenyeji wangu. Kwa hiyo kwa familia zilizoko Ghuba nasema haya tu: msiandike jina la mtoto wala habari zake kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa shule, hata kwa nia ya kuombewa. Msimpige picha ushahidi. Msimwendee mwalimu mkuu wa shule ya kimataifa mkidhani ni mshauri, kabla ya kujua analazimika kumripotia nani. Mtoto akiwaambia, mazungumzo yabaki sebuleni, na mlango wa sebule ufungwe. Kumtunza hapa ni kunyamaza vizuri, na kumhakikishia kwamba ukimya huo ni wa kumlinda, wala si wa kumwonea haya.

Sikuwaambia mbadili dini zenu. Dada yangu bado ni mama wa kanisa, anaimba kwaya, na ukimuuliza mambo haya atakwambia hayaelewi. Anasema alichoelewa ni kwamba mwanawe alikuwa hali, na sasa anakula.

Binti alifanya KCSE yake kwenye shule ileile. Sasa yuko chuoni, anasomea maabara. Hunipigia Ijumaa mchana, siku yangu ya mapumziko, tunazungumza habari za bei ya chumba na mwalimu wake wa hesabu anayekoroma darasani. Mambo mengine huniambia, mengine haniambii, na sijui ni yapi ambayo angeniambia kama ningenyamaza usiku ule.

Kaka yetu bado hajaongea naye. Desemba nikienda likizo nitampitia kwake kwanza, kabla ya kufika kwa mama. Nimeshamwambia nakuja peke yangu na asialike mtu.