Wanuniane, Lakini Simu Ipokelewe

Tarehe 11 Agosti 2025, karibu na Fungu la Scarborough katika Bahari ya Kusini ya China, meli ya walinzi wa pwani wa China ilikuwa inaikimbiza BRP Suluan, meli ya walinzi wa pwani wa Ufilipino. Ikatokea manowari ya jeshi la maji la China, nayo ikitaka kuikatia njia meli hiyo hiyo. Suluan ikapenya, na meli mbili za China zikagongana zenyewe kwa zenyewe. Video iliyopigwa na Wafilipino inawaonyesha mabaharia wakiwa kwenye omo ya meli ya walinzi muda mfupi kabla ya kishindo. Baada yake omo imebondeka kabisa. Wafilipino waliita kwa redio wakijitolea kusaidia uokoaji na matibabu. Taarifa ya China ya siku hiyo iliwalaumu Wafilipino kwa kuingia eneo lile, na haikutaja kugongana.

Tuseme pigo lile lingeipata Suluan. Ufilipino na Marekani zina mkataba wa kulindana tangu 1951, na Marekani imetamka mara kadhaa kwamba mkataba huo unawahusu hata walinzi wa pwani wa Ufilipino katika bahari hiyo. Nahodha mmoja angekosea usukani mchana mmoja, na jioni yake Washington na Beijing zingekuwa zinajadili vita.

Hatuwaombi wakubwa hawa wapendane. Ugomvi wao una mizizi. China inadai karibu bahari yote ile, na ilipopewa hukumu ya mahakama ya usuluhishi ya The Hague tarehe 12 Julai 2016 iliyokubaliana na hoja nyingi za Ufilipino, iliikataa. Marekani nayo hurusha ndege za upelelezi nje ya maili 12 za pwani ya China kwa hoja kwamba anga hilo ni huru, huku yenyewe haijauridhia Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982. Mashauri hayo yatachukua miaka mingi. Tunachodai ni kidogo zaidi na kinawezekana sasa: askari wao wasiuane kwa bahati mbaya.

Maana bahati mbaya ndiyo inayotisha. Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani aina ya EP-3 ilikuwa karibu na kisiwa cha Hainan ilipofuatwa na ndege mbili za kivita za China. Rubani mmoja, Wang Wei, alikuwa anajulikana kwa Wamarekani. Miezi michache nyuma alikuwa amesogea karibu mno na ndege yao, akawaonyesha kupitia kioo karatasi yenye anwani yake ya barua pepe. Siku hiyo alisogea tena, akaigonga. Ndege yake ikakatika, yeye akapotea baharini. EP-3, pua imeng'oka, ilijikokota hadi uwanja wa kijeshi wa Lingshui na watu 24 ndani, wakashikiliwa siku 11. Hakuna serikali iliyoamuru ajali ile. Aliyeileta ni kijana jasiri aliyezoea kuona kwamba ukaribu ule haukuwa na madhara.

Kuna mabaya zaidi ya hayo. Tarehe 3 Julai 1988, katika Mlango wa Hormuz, manowari ya Marekani Vincennes ilikuwa inapambana na boti za Iran wakati ndege ya abiria ya Iran Air namba 655 ilipopaa kutoka Bandar Abbas kwenda Dubai, safari isiyofika hata nusu saa. Kwenye chumba cha rada mtu alisema ni ndege ya kivita. Mwingine akasema inashuka kuwaelekea. Kumbukumbu za mitambo ya meli yenyewe zilionyesha baadaye kwamba ilikuwa inapaa, ndani ya njia yake ya kawaida. Maonyo mengi yalitolewa kwenye masafa ya kijeshi, ambayo rubani wa abiria hana jinsi ya kuyasikia. Makombora mawili yakarushwa. Watu 290 walikufa, 66 kati yao watoto. Mwaka 1996 Marekani ilikubali kuzilipa familia dola milioni 61.8, bila kuomba radhi rasmi.

Dawa ya angalau sehemu ya maradhi haya imekuwapo kwa zaidi ya nusu karne. Tarehe 25 Mei 1972, mjini Moscow, Waziri wa Jeshi la Maji la Marekani, John Warner, na Admirali Sergei Gorshkov wa Umoja wa Kisovieti walitia saini makubaliano ya kuzuia ajali baharini. Wiki mbili tu kabla, Marekani ilikuwa imetega mabomu kwenye bandari ya Haiphong huko Vietnam, bandari iliyotumiwa na meli za Kisovieti. Moscow ilikuwa na kila sababu ya kuahirisha. Haikuahirisha. Waliandika mambo ya kibaharia hasa: usiielekezee meli ya mwenzako mizinga wala mitambo ya makombora, usimmulike nahodha wake kwa taa kali, ndege isijifanye inashambulia meli, toa ishara kabla ya kugeuza. Na kila mwaka maofisa wa majeshi hayo mawili wakutane, waweke mezani malalamiko ya mwaka mzima.

Makubaliano yale hayakumzuia mtu aliyeamua kugonga. Februari 1988 meli za Kisovieti zilizigonga kwa makusudi manowari za Marekani Yorktown na Caron karibu na Crimea. Lakini hakuna aliyefyatua risasi, na mwaka uliofuata nchi hizo zilitia saini tafsiri moja ya sheria iliyokuwa chanzo cha ugomvi huo.

Sasa angalia Beijing. Agosti 2022, baada ya Spika wa Bunge la Marekani, Nancy Pelosi, kuzuru Taiwan, China ilifuta mazungumzo ya kijeshi ili kuiadhibu Marekani. Februari 2023, Marekani ilipolitungua puto la China lililopita angani mwake, Waziri wa Ulinzi wa Marekani alipiga simu na China ikakataa kuipokea. Mawasiliano yalirejeshwa kwa makubaliano ya Novemba 2023. Mwezi mmoja kabla, Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, ilikuwa imesema ndege zake zimesogelewa kwa hatari zaidi ya mara 180 ndani ya miaka miwili, mara nyingi kuliko katika miaka kumi yote iliyotangulia. China inajibu kwamba ndege hizo zisingekuja, zisingesogelewa. Hata tukiikubali hoja hiyo, bado haielezi kwa nini simu ikatwe wakati ndege ziko karibu hivyo. Ni kosa kubwa, na Beijing isilirudie.

Kuna pia pengo ambalo ni la wote. Kanuni za kukutana baharini zilizopitishwa Qingdao mwaka 2014 na nchi 21, zikiwemo China, Marekani na Ufilipino, ni za hiari na zinahusu majeshi ya maji. Walinzi wa pwani hawamo, nao ndio wanaopigana kwa mizinga ya maji na kukatiana njia mara kwa mara. Nchi za ASEAN, jumuiya ya Asia ya Kusini-Mashariki, na China zilijiwekea lengo la kukamilisha kanuni za mwenendo za bahari hiyo kufikia mwaka 2026. Ziwataje walinzi wa pwani kwa jina. Zikataze mizinga ya maji dhidi ya meli yenye watu sitahani, zifunge kila aliyetia saini, na zimpe ofisa wa zamu wa kila upande ruhusa ya kupokea simu usiku wa manane na kujibu bila kusubiri idhini ya wakubwa wake.