Intaneti inayotambaa ku nyumba: tupime kwanza, kisha tudai



Saa mbili ya usiku, ku parsele moja ya Butembo, dada mmoja anajaza fomu ya bursi. Siku ya mwisho ni leo. Anabonyeza «tuma», kale kaduara kanazunguka, kanazunguka, mpaka ukurasa unakufa. Kesho nani atamurudishia ile nafasi? Hakuna.

Juu ya ile, hatukubali mutu atuambie kama intaneti ya polepole ni shida ya watu wa starehe. Ni masomo, ni kazi, ni franga ambazo familia tatu ao ine za parsele zimechanga mwezi muzima.

Lakini tuseme ukweli kati yetu. Mara nyingi tunatukana kampuni, kumbe shida iko ndani ya nyumba. Na mara nyingi kampuni inatuambia shida iko ndani ya nyumba, bila kupima kitu. Mwenye hana kipimo hana neno. Basi tupime.

Kwanza, unganisha kompyuta na ruta kwa kebo, zima Wi-Fi ya simu zote, halafu pima mwendo. Kuna tovuti za bure za kupima, kama fast.com. Andika namba. Kisha pima tena kwa Wi-Fi, karibu na ruta, halafu ku chumba chako. Kama kebo inaenda vizuri na Wi-Fi inalegea, usipige simu kwa kampuni: shida ni yako.

Hapo angalia ruta iko wapi. Wengi tunaificha ndani ya kabati ao nyuma ya televizyo juu ya kuogopa wezi. Ukuta wa beto na mabati vinakula mawimbi. Iweke katikati ya nyumba, juu, mahali wazi. Kama ruta yako iko na mawimbi mawili, ile ya 5 GHz inakimbia lakini inachoka mbele ya ukuta. Ile ya 2.4 GHz inafika mbali lakini majirani wote wanagombania njia moja.

Tena, nani anakula? Simu zinajipakua programu mpya usiku, mwingine anaangalia filamu, na paswadi yako inajulikana mpaka ku barabara ya pili. Badilisha paswadi. Si uchoyo, ni hesabu.

Na hesabu yenyewe tuijue: kampuni inauza megabiti, simu inaonyesha megabaiti. Megabaiti moja ni megabiti 8. Ukilipia megabiti 10, faili ya megabaiti 750 itachukua kama dakika 10 hata siku ambayo kila kitu kiko sawa. Hapo hakuna mwizi.

Sasa sikieni hii. Pima kwa kebo mara tatu kila siku, asubuhi, mchana na saa mbili ya usiku, kwa siku saba. Kama asubuhi inakimbia na usiku inaanguka kila siku, hapo nyumba yako haina kosa tena. Ni kama taksi ya nafasi ine yenye kubeba watu kumi: bomba moja limeuzwa kwa watu wengi kupita nguvu yake. Na ndani ya mkataba wamejificha nyuma ya neno moja dogo: «hadi». Hadi megabiti 10. Hata moja ni «hadi kumi».

Ile ndiyo tunakataa. Nchi iko na sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 juu ya telekomunikasyo, na iko na ARPTC yenye kazi ya kusimamia kampuni hizi. Tunataka mambo matatu: mkataba uandike mwendo wa chini, si wa juu peke yake, siku ambazo laini imekufa zirudishwe ku malipo, na mkataba uandikwe pia kwa luga mama anayelipa anasoma.

Mutu atasema: «Haitabadilika kitu.» Tulisikia hivyo na RAM. Ilianza 2020 kukata krediti za simu zetu, watu wakakataa, wakapiga kelele bila kuchoka, na 2022 ikaondolewa.

Basi kazi ya wiki hii: nyumba kumi za barabara moja, kila moja na daftari yake ya siku saba. Mutu mumoja akienda kulalamika, wanamuambia azime ruta na kuiwasha tena. Nyumba kumi zikienda pamoja na karatasi zenye namba, watatafuta jibu lingine.

Tupime. Tuandike. Tudai, kwa amani na bila kuinamisha kichwa.